Unatoka jeshini Marekani, mbona hakuna anayetaja kazi za meli za biashara?

Mtanga_Norfolk ameandika:

Wakuu habari za mihangaiko. Mimi mzaliwa wa Tanga, kwa sasa niko Norfolk, Virginia, nimetumikia Navy, yaani jeshi la majini la huku Marekani, miaka kadhaa upande wa injini na mkataba unaisha mwaka huu, uraia nilishapata nikiwa ndani. Tumepitishwa kwenye mafunzo ya kujiandaa kurudi uraiani, tumeambiwa habari za polisi, kuendesha malori, maghala, kompyuta, hata kuuza bima, lakini meli za biashara hazikutajwa hata mara moja na darasa zima lilikuwa limejaa watu wa melini!! Nimekuja kuisikia kwa mzee mmoja tunayesali naye ambaye amekula chumvi ya bahari mpaka amestaafu, ananiambia meli zinatafuta watu na mimi nazunguka naomba kazi ya ulinzi mlangoni mwa duka.

Sasa naomba kujuzwa na walioko huko. Muda wangu wa Navy unahesabiwa au naanza moja kama kijana aliyetoka shule? Naanzia ofisi gani? Na maisha yakoje kwa mtu mwenye mke na watoto wadogo, manake mama watoto anasema ametoka kunisubiri jeshini sasa anisubiri tena. Nikielewa nitawaambia na wenzangu, tupo Waswahili wengi kwenye hizi kambi kuliko watu wanavodhani.

---

Waipa_mpaka_Injinia amejibu:

Mdogo wangu hongera kwanza kwa kumaliza salama. Mimi nilitoka Navy nikaenda meli za biashara na nipo huku mpaka leo, kwaiyo nakupa ya jikoni kabisa.

Muda wako unahesabiwa. Ila wengi wanachoumia ni karatasi. Leseni ya baharia huku inaitwa MMC, inatolewa na Coast Guard, walinzi wa pwani, kupitia kituo chao cha National Maritime Center kilichopo Martinsburg, West Virginia, na wale wanataka kuona ulikuwa meli gani, ukubwa wake, nguvu ya injini, cheo chako, ulisimama zamu gani. DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, peke yake haiwaambii hayo. Unahitaji ile rekodi ya utumishi wa baharini kutoka Navy na vyeti vya kozi zako zote hasa za kuzima moto, na uvichukue SASA ukiwa bado na kitambulisho cha jeshi na karani wako yuko ghorofa ya chini, ukishatoka utakuwa unaandika barua na kusubiri majibu. Pia ujue kukaa kwenye meli ya kivita sio kila siku inahesabiwa kuwa umesafiri, kwa kawaida wanachukua asilimia 60 ya muda wote uliopangiwa melini, basi usishangae hesabu yao ikiwa ndogo kuliko yako. Kama meli yako ilikuwa inasafiri zaidi ya hapo leta ushahidi, wanaangalia.

Kingine ni kadi ya TWIC ya kuingilia bandarini, hiyo inatoka TSA, wale wa usalama wa usafiri, halafu fomu ya afya ya 719K na kipimo cha dawa za kulevya. Hapa sikiliza vizuri. Bangi hata kama jimbo lako wameihalalisha, kwa baharia ni marufuku, hii ni sheria ya serikali kuu, nimeona kijana mwenye rekodi safi kabisa ya jeshi anakwama kwa hilo tu. Na ukiwa na mafaili ya VA, yaani idara ya maveterani, iwe ni mgongo, masikio, usingizi, msongo wa vita, usifiche. Kuwa na asilimia za ulemavu za VA hakukufungii mlango moja kwa moja, wanaangalia hali yenyewe na kuna vibali vya msamaha, lakini ukificha wakagundua hapo umeharibu.

Ukiwa hauna muda wa bahari kabisa bado unaingia, unaanzia baharia wa dekini wa chini wanaita OS, au waipa, yule msaidizi wa chini kule injini, au upande wa jikoni na vyumba. Wewe wa injini utapewa kwa rekodi yako, usikubali kuwekwa waipa kabla hawajapitia karatasi zako zote.

Na kabla hujatoka, Navy ina mpango wa COOL unaolipia ada za vyeti, uliza hapohapo kambini. Kuna SkillBridge pia, miezi ile ya mwisho unaweza kuitumia kujifunza kazi ya uraiani huku mshahara wa jeshi unaingia, kamanda wako akikubali. Machi 2019 rais alisaini agizo la kusaidia wanajeshi na maveterani kuingia meli za biashara, wahesabiwe mafunzo yao na walioko kwenye utumishi waondolewe ada za leseni. Yaani njia ilishachongwa kutoka juu kabisa, kinachokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya darasa kama lenu aseme jamani kuna hii.

---

Zena_Tacoma amejibu:

Mkuu na mimi naomba niulize hapohapo. Niko Army National Guard, jeshi la akiba la nchi kavu, sijawahi kupanda meli zaidi ya feri ya Kigamboni, na nina grin kadi tu uraia bado. Nina nafasi??

---

Waipa_mpaka_Injinia amejibu:

Dada Zena unayo. Mwenye grin kadi anapata MMC ya ngazi za mabaharia wa kawaida, dekini, injini, jikoni. Uofisa ndo mpaka uwe raia. Kuna kikomo pia, kwenye meli ya bendera ya Marekani wenye grin kadi hawatakiwi kuzidi robo ya mabaharia wasio maofisa, na meli za MSC zile zinazobeba mafuta na vyakula vya jeshi zinataka raia tu kwa sababu ya usalama. Kwaiyo ushauri wangu fuatilia uraia kupitia huohuo utumishi wako, na wakati unasubiri angalia matagi yale ya kuvuta meli, feri za huko kwenu Puget Sound, meli za mizigo.

Kama unataka shule, ipo ile ya Piney Point, Maryland, ya chama cha mabaharia SIU, inaitwa Paul Hall Center. Wanaoanza kabisa hawalipi karo, unajigharamia vitu kama sare na vipimo, halafu sehemu ya mafunzo unaifanyia melini kwenyewe. Kuna watu wametoka Army hawajui hata kufunga kamba na leo wanashika usukani wa meli ya kontena.

---

Mama_Wawili_VA amejibu:

Mimi si baharia, mume wangu ndiye, yupo MSC kama baharia wa kiraia. Naona wanaume mmeongea karatasi tu swali la shemeji kuhusu mama watoto mmeliruka.

Shemeji msomee mkeo haya, ni ukweli. Pesa inaonekana, bima ya afya ipo, na tofauti na jeshi mume akiwa likizo yupo nyumbani kweli, haitwi kambini saa kumi alfajiri. Lakini miezi anayokuwa melini ni wewe na watoto na shule na gari bovu na mtoto kuumwa usiku. Kibaya zaidi ni tarehe kusogea. Anatakiwa kushuka mwezi huu, wa kumpokea zamu hajapatikana, anabaki mwezi unaofuata, na hiyo yote ni kwa sababu watu hawatoshi. Mwaka 2024 MSC walipanga kuziweka pembeni meli 17 kwa kukosa mabaharia, mume wangu ananisomea taarifa mimi nikamwambia mbona sisi tulijua zamani hapa nyumbani! Kwaiyo mkihamasisha watu waingie hamuwasaidii wanaotafuta kazi tu, mnatusaidia na sisi waume zetu warudi kwa wakati.

Na wewe shemeji, kaa na mkeo mchague aina ya kazi pamoja. Sio lazima meli kubwa za kwenda Asia. Kuna matagi na feri ambazo wengine wanalala nyumbani au wanaingia wiki chache wanatoka, kuna meli za Maziwa Makuu ya huku Marekani, kule juu kaskazini, ambazo msimu wa barafu zinasimama. Usimletee uamuzi ulioiva.

---

Binti_wa_Bronx amejibu:

Naongezea kidogo kwa sababu roho inaniuma jinsi hii historia isivyojulikana kwetu weusi. Vita Kuu ya Pili hizi meli za biashara ndo zilibeba kila kitu, risasi, mafuta, unga, na nyambizi za Wajerumani zikazizamisha kwa wingi, watu walikufa baharini hata kaburi hawana. Walionusurika wakarudi wakaambiwa nyie sio wanajeshi hamna mafao, mpaka 1988 ndo wakatambuliwa kama maveterani, na sheria ya kuwapa medali ya dhahabu ya Congress, bunge la huku, ikaja 2020 wengi wao wameshazikwa.

Na mjue jina la Hugh Mulzac. Mtu mweusi mzaliwa wa St. Vincent na Grenadines, visiwa vya Karibiani, alipata leseni ya unahodha Marekani mwaka 1918 na akanyimwa meli kwa rangi yake, akawa anapika kwenye meli za watu wakati ana karatasi za kapteni. Mwaka 1942 ndo akapewa meli ya Booker T. Washington, na akasema wazi haichukui kama mabaharia wake watatengwa kwa rangi, akashinda, wakasafiri weusi kwa weupe. Miaka 24 anasubiri! Mimi nikimwambia kijana wetu kuhusu kazi hii naanza na huyo mzee.

Kila tarehe 22 Mei huku ni siku ya mabaharia kitaifa, Congress iliiweka 1933 kukumbuka meli ya Savannah iliyoondoka Georgia 1819 kuvuka Atlantiki ikiwa na mashine ya mvuke. Bandari nyingi wanafanya shughuli. Hapa kwetu Bronx kuna chuo cha SUNY Maritime, nendeni na watoto wa sekondari wakaone, tusisubiri mpaka mtu atoke jeshini ndo asikie.

---

Mtongwe_Juu amejibu:

Salaam kutoka Mombasa. Nasoma hapa nasikitika kwa sababu kwetu ni vilevile, mtu anastaafu jeshi la majini pale Mtongwe, anajua mashine, anajua bahari, anaishia kulinda geti la hoteli Nyali. Huku mambo ya vyeti ni Kenya Maritime Authority, na vijana wanasomea Bandari Maritime Academy, lakini ukimaliza darasa shida ni kupata meli ya kufanyia mazoezi, hapo ndipo wengi wamekwama miaka. Na matapeli wamejaa, wanakuambia toa pesa nikuunganishe na meli ya Dubai. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa pesa ili apewe kazi, atakayekuomba mkimbie. Nyinyi mlioko huko mkianza kupanda vyeo mtukumbuke, hata kumweleza kijana huku kozi gani ina maana ni msaada mkubwa.

---

Mtanga_Norfolk amejibu:

Wakuu asanteni sana, sana. Kesho naenda kwa karani kuomba ile rekodi ya bahari, na majibu ya Mama Wawili nimemsomea mke wangu, amesema tuanze na matagi ya hapahapa Norfolk halafu tutaona.

Nimeongea pia na mkuu wangu wa idara, kanikubalia nipewe nusu saa niongee na kundi linalotoka baada yetu. Mkuu Waipa, hivi vyeti vya kuzima moto vya Navy wanavichukua vyote au inabidi kozi iwe kwenye orodha yao? Nataka nisiwadanganye hao vijana.

---

Waipa_mpaka_Injinia amejibu:

Lazima kozi iwe imekubaliwa na Coast Guard mdogo wangu, sio zote. Orodha ipo kwenye tovuti ya National Maritime Center, ichapishe uende nayo siku hiyo, kila mmoja atafute kozi zake mwenyewe hapohapo. Na waambie wakague cheti kina tarehe na jina sahihi, yetu haya majina ya Kiswahili huwa wanayakosea.