Je, «safari» ni neno la Kiarabu au la Kiswahili?

Imetolewa hoja katika mjadala huu kwamba safari ni neno la Kiarabu, Waswahili wameliazima tu, na kwa hiyo hatuna haki ya kudai kwamba mataifa mengine yamelipata kwetu. Naikubali sehemu ya kwanza ya hoja hiyo, lakini sehemu ya mwisho naikataa kabisa.

Asili yake haina ubishi. Mzizi ni wa Kiarabu, wenye herufi sini, fa na ra, nao ndio uliozaa safar, yaani mwendo wa mbali, na musafir, mwenye kwenda mwendo huo. (Mchangiaji mmoja amelihusisha na mwezi wa Safar, yaani Mfunguo Tano, na pia na sifuri, maneno hayo mawili huanza kwa herufi sadi, na ni hati zetu za Kilatini tu zinazoyafanya yaonekane ndugu wa safari.)

Maana, hata hivyo, haikutulia mahali pamoja. Waturuki walilifanya sefer, wakaliita hivyo hata jeshi linapotoka kwenda vitani, na misafir kwao akawa mgeni aliyekwisha kufika, maana ambayo Waromania waliipokea katika musafir yao. Tena Mturuki husema bu sefer akikusudia «mara hii», sawasawa na sisi tunaposema «safari hii hatutashindwa». Kila ninapolikumbuka jambo hili hunifurahisha, kwa sababu Kituruki na Kiswahili hazina udugu wowote wa nasaba.

Kiswahili nacho kililifinyanga neno kwa sarufi yake: kiliongeza irabu mwishoni, kikaichukua mu- ya musafir kana kwamba ni kiambishi cha ngeli ya watu, tukapata msafiri na wasafiri, kisha usafiri, kusafirisha na usafirishaji. Kiingereza kililichukua katika karne ya 19 likiwa na irabu hiyo hiyo ya mwisho, kikalibana hadi likamaanisha kwenda kuwinda wanyamapori, na baadaye kwenda kuwatazama. Kwa umbo hilo na maana hiyo limeingia hata katika Kiarabu cha leo, ambacho kina safar kwa mwendo wowote na safari kwa matembezi ya nyikani.

Basi anayeshikilia kwamba neno hili ni la Kiarabu peke yake anieleze: kwa nini Waarabu wenyewe walilazimika kulipokea upya, likiwa na irabu tuliyolitia sisi?