Wazee wenye demensia wanakaa tu barazani kutwa: shughuli gani zinawafaa, na zifanywe vipi?

MleziTanga (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi.

Makao ya wazee hapa Tanga, wakaazi 24. Tisa wana demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu): wanne bado wanaongea vizuri ila wanarudia swali lile lile, watatu lazima waelekezwe hata kula, wawili hawaongei tena. Wahudumu wa zamu ya mchana ni watatu. Fungu la shughuli ni shilingi 20,000 kwa mwezi.

Vilivyojaribiwa: domino (inaishia ugomvi), picha za kupaka rangi (bibi mmoja aliuliza kama anaonekana mtoto), redio inayowaka tangu asubuhi. Kuchambua maharage kulisimamishwa kwa sababu babu mmoja huyatia mdomoni. Ikifika saa kumi na moja jioni wanaanza kuhangaika, wanataka kwenda kwao, wanagonga geti.

Akina bibi wengi walikuwa wasusi wa mikeka. Akina babu wawili walikuwa mashamba ya mkonge, mmoja fundi cherehani. Nianze na nini, kwa muda gani, na nikae nao vipi? Naomba mambo ya kufanya. "Wapeni upendo" tunaijua.

TibaKazi

Mleta mada, majibu mengine umeshayaandika mwenyewe kwenye aya yako ya mwisho. Ugonjwa huu unakula mapema kumbukumbu za mambo mapya na uwezo wa kupanga hatua. Kazi ambayo mikono imeifanya miaka 40 inahifadhiwa kwingine kwenye ubongo, na huchelewa sana kuondoka. Ndiyo maana mtu anaweza kushindwa kutaja jina la mwanawe na bado akasuka ukili (utepe wa kushonea mkeka) mbele yako. Domino inadai kusubiri zamu, kuhesabu na kukumbuka kilichokwisha kuchezwa, yote kwa mpigo. Ugomvi unaanzia hapo.

Anza na ukili. Nunua miyaa (majani ya kusukia mikeka) iliyokwisha kuchanwa, lakini usichukue ile myembamba ya nusu sentimita. Chukua upana wa sentimita 1 hadi 1.5, na nusu yake iwe imetiwa rangi iliyokolea, zambarau au nyekundu, ili jicho lione upi unapita juu na upi chini. Usiku wa kuamkia siku ya kusuka, inyunyizie maji na kuiviringisha kwenye kitambaa kibichi. Ikikauka hupasuka, na ukingo wake hukata kidole. Ngozi ya mzee wa miaka 80 ni ya kuogopea, hasa kama anatumia dawa za kuyeyusha damu.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo wengi wanapoharibu. Usimpe miyaa mitupu ukamwambia "suka". Kuanzisha ndiyo hatua ngumu kuliko zote kwake. Wewe, au bibi mwenzake anayejiweza, anzisha sentimita kama 10, kisha mwekee mapajani. Ukili ulioanzishwa mkono unaudaka wenyewe. Kaa ubavuni mwake, usimkabili kama mwalimu. Suka hatua mbili bila kusema neno, halafu: "Bibi, hebu nisaidie hapa." Nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Mhudumu mwenye haraka hurudia agizo kwenye sekunde ya tatu, tena kwa maneno mengine. Kwa mzee hayo sasa ni maagizo mawili, anaanza upya kutafuta maana, mwisho anaweka chini. Unaandika "amekataa". Hakukataa.

Msuko ukikosewa, uache. Usifumue mbele yake hata kama umepinda kama nyoka. Kwa ambaye msuko wa njia saba (miyaa saba) umemshinda, shuka mpaka tatu, kama msuko wa nywele.

Wale babu wa mkonge nao wasuke kamba, ila katani ghafi inachoma viganja vilivyolainika. Chana kanga kuukuu vipande vya sentimita 4 kwa mita moja, funga vitatu kwenye mgongo wa kiti, waache wasuke. Fundi naye: cherehani ya miguu, toa sindano, toa na mkanda. Pedali itaendelea kuzungusha gurudumu la chini bila kuleta hatari ya juu. Mpe futi, chaki na vitambaa apime.

Muda: dakika 20 hadi 30 kwa wanaoongea, 10 hadi 15 kwa wengine. Iwe saa tatu na nusu asubuhi, baada ya chai na choo. Wanne au watano mezani. Na redio izimwe. Sauti isiyo na mwenyewe inamchosha mtu ambaye tayari anapata tabu kutenga maneno na kelele.

NesiWaZamu

Naongezea upande wa tiba, maana kuna mzee anayesemwa "hana mood" kumbe ana tatizo la mwili.

Aliyekuwa anashika shughuli jana na leo hashiki, au anasinzia mezani, usibadilishe shughuli kwanza. Mabadiliko ya ghafla ndani ya siku moja au mbili kwa kawaida hayaletwi na demensia yenyewe. Tazama: ana siku ngapi hajapata choo, amekunywa maji kiasi gani, mkojo unanuka au unamuuma, ana homa, ana maumivu. Mwenye kisukari apimwe sukari. Kisha angalia alichomezeshwa. Piriton ya mafua, promethazini aliyopewa "apate usingizi", amitriptilini ya ganzi ya miguu, zote zinazidisha kuchanganyikiwa kwa wazee. Muulize daktari kama zinaweza kuondolewa.

Halafu miwani na masikio. Miwani iliyovalishwa ni yake kweli? Kwenye makao miwani hubadilishana wenyewe kama malapa ya msikitini. Nta ya masikio nayo inaweza kumfanya mtu aonekane ugonjwa umepanda hatua nzima.

Kuhusu maharage: mlifanya vizuri kusimamisha, na si kwa sababu ya kukabwa tu. Maharage mekundu mabichi yana sumu, machache tu yanatosha kumtapisha na kumharisha mtu. Yule babu mpe kitu ambacho hata akikila hakuna neno. Mchicha au matembele: mafungu mawili yaliyooshwa, anachuma majani, mashina anatupa kando. Mahindi ya kupukuchua yaepuke pia kwake, punje kavu inaingia njia ya hewa. Anayekohoa akinywa chai asipewe chochote cha kutafuna bila kuangaliwa.

Na fagio la chelewa: akina bibi wanalipenda, lakini mtu anayetumia dawa za presha akiinama dakika tano na kuinuka ghafla anaona giza. Lifungeni kwenye mpini mrefu afagie akiwa wima.

Mwanamwambao

TibaKazi kamaliza ukili, mimi niseme jikoni na kanga.

Kukamua tui. Nazi ikunwe na mhudumu (mbuzi ya nazi weka mbali kabisa, kiti kifupi na meno ya chuma havifai kwa watu hawa). Wazee waoshe mikono, wapewe nazi iliyokunwa na kutiwa maji ya vuguvugu ndani ya kifumbu (kifuko cha kusukwa cha kukamulia tui), na bakuli la rangi nyeusi au ya bluu chini yake, ili tui jeupe lionekane likidondoka. Kwenye bakuli jeupe wengine hawaoni kama kuna kitu kinatoka, wanaacha. Ule uvuguvugu unalegeza vidole vilivyokakamaa asubuhi, harufu inawaambia kazi ni ya nini, na tui linakwenda kwenye wali wa mchana huo huo. Hilo la mwisho si dogo. Mpishi akitupa alichokamua bibi, au akakamua upya mbele yake, kesho hutampata.

Kanga. Kipande kizima ni kikubwa kwa mabega mabovu, kwa hiyo watu wawili washike pembe wakunje pamoja, au tumieni vilivyokatwa nusu. Kumi zinatosha. Wengi hubaki na uwezo wa kusoma kwa sauti hata uelewa ukiwa umepungua, kwa hiyo kabla ya kukunja, geuza jina liwe upande wake. Atalisoma, na mara nyingi atalicheka au atalijibu. Ila kuna ujanja mmoja mbaya: kuzikunjua nyuma ya mlango na kumletea zile zile. Wanagundua zaidi ya mnavyodhani. Leteni za kufuliwa kweli.

Methali zinafaa, vitendawili sivyo. Ukisema "Haba na haba" ulimi wake unamalizia wenyewe "hujaza kibaba". Kitendawili ni mtihani. "Tega!" ataitika kwa furaha, halafu jibu halipo, uso unaanguka. Ukitaka kutega, tega na useme jibu mwenyewe. Na kwa ajili ya Mungu acheni lile swali la "Bibi, unanikumbuka mimi ni nani?" Jitambulishe, endelea.

Bao: anayejua vizuri mwache acheze, ila msianzie namua (hatua ya kwanza, ya kuingiza kete moja moja). Wekeni bao la kujifunza, kete zote zikiwa tayari mashimoni. Kwa aliyeshindwa, raha iko kwenye kusambaza kete tu, shimo kwa shimo, hata bila mpinzani. Wale wa kutia vitu mdomoni wasikae karibu, kete zote 64 ni za kukaba.

Sala nayo ni shughuli, sijui kwa nini haiandikwi kwenye ratiba. Aliyesahau idadi ya rakaa aswali jamaa, afuate imamu na safu. Mkristo mpe rozari. Ya shanga kubwa, uzi imara.

Machame

Kwa wale wanne wanaoongea, uliza kuhusu tiba ya kuchangamsha akili ya vikundi. Ilitungwa Uingereza, na imejaribiwa kwa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ikiwa imegeuzwa kwa ajili ya watu ambao wengi hawakusoma na wenye uoni hafifu. Ni vikao 14, viwili kwa wiki kwa wiki saba, kama dakika 45 kila kimoja. Kila kikao kina mada yake: sauti, utoto, chakula, pesa, kupanga vitu kwa makundi na kadhalika. Kinafunguliwa kwa wimbo ule ule na salamu kwa jina.

Kinachoangusha vikao hivi ni mwongozaji kugeuka mwalimu wa darasa la pili. Huulizi "hii thumni ilikuwa ya mwaka gani?" Unaiweka mkononi na kuuliza "hii ilinunua nini?" Hapo hakuna jibu lisilo sahihi. Kwa wale watano waliobaki vikao vya namna hii havifai, watapotea katikati ya mazungumzo.

MleziTanga

Ahsanteni sana, nimenakili. Bado wawili wasioongea, na ile saa kumi na moja.

TibaKazi

Wasioongea: mafuta ya nazi ya vuguvugu, dakika 10, mkono kwa mkono. Weka kiganja chako chini ya chake, si juu. Ukiwa juu unamshika. Ukiwa chini anakuongoza yeye. Akivuta mkono, imetosha, rudi baadaye. Unaweza kushona vifuko vidogo vya karafuu au asumini wanuse, ila mshono uwe mara mbili, karafuu isitoke ikaingia mdomoni. Udi acha, kuna wenye pumu. Wawe pia karibu na meza ya wanaosuka. Kutazama mikono ya wengine ni kushiriki.

Jioni anza mapema, usisubiri wagonge geti. Saa tisa na nusu choo, uji au chai na kitu cha kula. Saa kumi taa ziwashwe kabla vivuli havijarefuka, kwa sababu jicho lao linageuza kivuli kuwa shimo au mtu. Zamu zikibadilishana saa hiyo, wahudumu wasipite na mikoba begani. Mzee akiona watu wanaondoka na yeye anataka kuondoka. Wale wanaotembea wape mzigo mwepesi wenye safari: kapu la kanga zilizokunjwa kutoka uani mpaka chumbani, kisha lingine. Akisema anataka kwenda kwao usimwambie nyumba iliuzwa. Muulize kwao kuna nani, tembea naye.

Na daftari. Kwa kila mtu andika dakika alizoshika, uso ulikuwaje, na nini kilimkatiza. Hiyo ya tatu ndiyo yenye faida: baada ya wiki mbili utaona ni jua la dirishani, au ni kiti.

MleziTanga

Swali la mwisho, kwa Mwanamwambao. Kifumbu nikinunua Ngamiani, niangalie nini?

Mwanamwambao

Kwa wauza ungo na mikeka. Chukua chenye msuko uliolegea kidogo. Kilichobana sana kinadai nguvu ya kijana, viganja vitauma dakika ya tatu. Nunua viwili, kimoja kikauke juani. Na kioshwe pale pale baada ya kazi, maana tui likichachia ndani harufu haitoki tena, na bibi yeyote wa Tanga atakurudishia.