Leseni za Middle-earth: kila zikibadilika mikono, vitabu vyetu vinafungiwa. Tumechoka!

Wakuu, leo naongea kwa hasira. Mchezo wa mezani wa Middle-earth, ile dunia ya kubuni ya Tolkien aliyeandika The Lord of the Rings, huu wa kuigiza wahusika kwa dadu na karatasi, umekatwa mara tatu, na mara zote wanaoachwa njia panda ni wachezaji.

Iron Crown Enterprises wa Charlottesville, Virginia, walipata leseni, yaani ruhusa ya kuitumia dunia hiyo, mwaka 1982. Mwaka huohuo wakatoa kitabu cha Umbar, bandari ya dunia hiyo, na 1984 ukaja mchezo wenyewe, MERP (Middle-earth Role Playing). Tolkien aliigusia Umbar kwa maneno machache tu. Hawa jamaa wakakaa chini wakaujenga mji mzima wa bandari, mitaa yake na wakubwa wake. Ramani zilichorwa na Pete Fenlon kwa mkono, milima unaiona kabisa! Majalada mengi yakapigwa rangi na Angus McBride. Mwaka 1999 leseni ikaondoka, na kazi yote ile ikawa haichapishiki tena. Aliyeiandika hana ruhusa ya kutumia Middle-earth, na mwenye Middle-earth hajairudisha sokoni. Sasa nani amefaidika hapo?

Kampuni ya Decipher wakaingia 2002, wakati filamu za The Lord of the Rings zimepamba moto. Wakaja na kanuni zao, dadu mbili za pande sita, kwa hiyo mwenye vitabu vya MERP akitaka kuhamisha kisa lazima akokotoe upya kila adui. Miaka michache tu, nao kwisha.

Kinachoniuma zaidi ni The One Ring ya Francesco Nepitello, iliyotolewa na kampuni ya Cubicle 7 mwaka 2011. Ule ndio mchezo ulioielewa dunia ile: safari yenyewe inamchosha mhusika, tumaini lake linapungua, kivuli kinamwingia. Kuna kampeni yake, yaani mfululizo wa visa, ya msitu wa Mirkwood inayochukua miaka 30 ya ndani ya mchezo, mhusika wako anazeeka mbele ya macho yako. Toleo la pili lilikuwa limeshatangazwa, watu tunalisubiri, halafu Novemba 2019 tukaambiwa basi, mambo ya mkataba. Nakala za PDF za toleo la kwanza nazo zikaondolewa sokoni.

Baadaye kampuni nyingine, Free League, wakalitoa toleo la pili. Ni zuri, sina ugomvi nao. Ila toleo jipya halihalalishi kuficha la zamani. PDF haihitaji ghala wala meli. Mkataba ungeweza kusema wazi kwamba leseni ikiisha, vilivyokwisha chapishwa viendelee kuuzwa na mwenye haki apate fungu lake. Badala yake kijana anayeanza leo anabaki kuviziavizia vitabu chakavu kwa bei za wakusanyaji, au anaiba mtandaoni. Mnataka afanye nini?

Embracer Group walinunua Middle-earth Enterprises, kampuni inayotoa leseni hizi, mwaka 2022. Haki ziko kwao sasa, kisingizio cha mwenye leseni aliyepita hakipo. Wakae na waandishi wa zamani, wakubaliane malipo, vitabu virudi. Mnaokubaliana nami, tuwaandikie, na kila mmoja ataje kitabu anachokitaka kwa jina.