OLED au QLED kwa sebule yenye mwanga mwingi?

MpiraMchana
Wakuu, habari. Nabadilisha TV na nimebakiza mbili, zote inchi 55, zote 4K. Moja ni OLED, nyingine QLED. Muuzaji anasema ni kitu kimoja, herufi tu ndizo tofauti. Sebule yangu ina madirisha makubwa, mchana natazama mpira, usiku filamu. Nichukue ipi?

FundiKioo
Mkuu, si kitu kimoja hata kidogo. Jiulize kwanza: mwanga unatoka wapi? QLED ni LCD ileile tuliyozoea kuiita LED. Nyuma kuna taa, mbele yake tabaka la nukta za kwanta linalokoleza rangi, halafu kioo cha LCD kinachopitisha mwanga au kuuzuia. OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli inawaka yenyewe, na penye giza inazimika kabisa. Ndiyo maana usiku wa kwenye filamu unakuwa mweusi tii. LCD ya kawaida hapo inatoa kijivu, maana kioo hakizibi mwanga wote. Mimi ningechukua OLED bila kufikiri mara mbili.

Nuru_ya_Jioni
Fundi, kwa weusi uko sahihi, ila umeruka madirisha yake. Mchana weusi huo unamezwa na mwanga wa chumba, na kinachookoa picha ni mwangaza wa skrini, unaopimwa kwa niti. Tena nembo ya HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, isikudanganye, MpiraMchana. Picha nyingi za HDR zinaandaliwa kwa kilele cha niti 1,000, na TV inaweza kuipokea HDR bila kuwa na nguvu ya kuionyesha. Uliza kama hiyo QLED ni Mini LED, yaani taa zake ni ndogo na nyingi, zimegawanywa kwa kanda zinazofifia kila moja kivyake. Hizo zinaikaribia OLED gizani, ingawa maandishi meupe huzungukwa na ukungu kidogo.

MpiraMchana
Asanteni sana. Na 4K yenyewe haina tofauti?

Nuru_ya_Jioni
Hapana. Zote ni pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD.

Dada_Rimoti
Naongeza jambo lililoniuma. OLED yangu ya kwanza ilibaki na alama ya nembo ya chaneli pembeni, kwa sababu nyumbani kwetu chaneli hiyo ilikuwa haizimwi. Mpira nao una ubao wa magoli unaokaa palepale dakika 90. Kama unabadilisha vipindi, hatari ni ndogo. Kama TV inashinda kwenye chaneli moja, fikiria sana.

Halafu angalia Hz, yaani skrini inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Uliza za paneli yenyewe, 60 au 120, usichukue namba kubwa ya tangazo. Usiku ukiweka filamu, zima ulainishaji wa mwendo: filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde, na TV ikijaza fremu zake katikati inageuka tamthilia ya studio.

FundiKioo
Dada na Nuru wamenirudisha nyuma. Kwa matumizi yako, ikiwa ni Mini LED, chukua hiyo QLED. Ikiwa ni ya taa za pembeni tu, yaani zimepangwa kwenye kingo za skrini, bado nasema OLED, na uweke mapazia. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aweke filamu ya giza yenye maandishi chini, kisha usogee ubavuni uitazame kutoka huko, maana LCD nyingi hufifia rangi ukikaa pembeni.

MpiraMchana
Nimempigia simu sasa hivi. Taa ziko pembeni.