Fundi kanitemea dizeli kiatuni halafu ananiambia injini "IMEKATAA MWILI"!!!

Wakuu nawasalimu kwa hasira. Nimekaa hapa juu ya tairi la spea, mikono imejaa dizeli mpaka viwiko, nikikosea herufi mnivumilie, simu yenyewe inateleza.

Yule fundi mnamjua. Sitaji jina maana sina hela ya wakili, lakini ukipita pale Tabata ukaona mtu ana ovaroli ya kampuni ambayo hajawahi kukanyaga hata getini, penseli sikioni na hajawahi kuandika kitu, ndiyo huyohuyo. Nusu ya mliomo humu ameshawala hela, msijifanye wageni.

Iko hivi. Canter yangu, lori dogo, ilikuja na injini ya 4D32, ikafa, nikaingia Gerezani nikatafuta mtumba nikapata 4D33, yaani kutoka lita 3.6 kwenda 4.2, nikaambiwa ni ndugu wa tumbo moja inakaa palepale, na kweli ikakaa. Tambarare sina ugomvi nayo. Chalinze, Morogoro, Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni naimba. Sasa anza mlima Kitonga na saruji mgongoni uone, kona ya pili tu inaanza kukohoa, inameza mate, inatetemeka, inazima. Palepale konani! Malori ya Tunduma yamejipanga nyuma yangu yanapiga honi mpaka nyani wanatoka kuja kuangalia ni nani huyu, utingo anakimbia na jiwe, mimi nipo chini napiga kile kipampu cha mkono, nalegeza skrubu ya hewa, povu linatoka, nakaza, nawasha, nasogea hatua mbili tatu, inazima tena.

Nikampelekea mheshimiwa. Hata kebini hakuinua. Kasikiliza mlio akiwa amekaa kwenye benchi na chapati mkononi, akasema nozo, zile za kupuliza dizeli ndani ya injini. Nikanunua nozo. Akasema filta. Filta. Akasema pampu ikapimishwe, ikashushwa, ikapelekwa kwenye mashine, ikarudi na karatasi kwamba ni nzima, ikapandishwa, laki zinaondoka tu. Kitonga, kona ya pili, kimyaaa.

Leo nimerudi kwake mpole kabisa, shikamoo na nini. Akafungua tanki akachovya kidole AKAKILAMBA. Wakuu, kalamba dizeli! Akafumba macho, akatema, mate yakatua kwenye kiatu changu, kisha kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mzee, hii injini imekataa mwili."

IMEKATAA MWILI. Kwani nilipandikiza figo?? Mama ntilie kaangusha upawa kwenye sufuria kwa kucheka. Wale vijana wake wakajibwaga chini. Mtoto wa shule anapita zake na begi naye anarudia "imekataa mwili, imekataa mwili". Nozo nimenunua, filta nimenunua, pampu nimelipia, majibu ya vipimo ni kwamba chuma kimekataa mwili! Nataka hela yangu na nataka afute kiatu.

*

Mjukuu wa Utingo: Uzi tayari. Nimekaa siti ya mbele, nani ana karanga.

KopaWasha: 🤣🤣 Hiyo ya kulamba nimeiona kwa macho yangu, kwangu alilamba akasema "hii imechanganywa na mafuta ya taa, ya juzi". YA JUZI! Anajua mpaka tarehe.

binti_wa_Makambako: Pole kaka. Lakini na wewe, mtu anakupimia gari kwa ulimi mara ya kwanza hukukimbia?

Mwenye uzi: Dada mimi namwambia katema kiatuni wewe unaniuliza kwa nini sikukimbia. Ningekimbia na gari gani, imekataa mwili!!

Salgaa Survivor: Boss niko Nakuru, hizo milima tunazijua. Hiyo gari inavuta hewa, makanika wako anakukula tu. Shida ya mahali pa kunyonya ni moja, haivuji nje. Utatafuta tone la dizeli chini ya gari usilione, kwa sababu pampu inavuta, badala ya mafuta kutoka ni hewa inaingia. Kwa flat inavumilia, ukipanda na mzigo injini inataka mafuta mingi, hapo ndio inakufa. Chukua dumu safi, litundike nyuma ya kebini, toa mpaipu wa kuona ndani straight hadi kwa fidi pampu, ile ya kunyonya mafuta kutoka tanki, na ritani, ile paipu ya kurudisha mafuta, irudi kwa dumu hiyohiyo ama itaisha kabla hujafika kona. Ikipanda poa na dumu, wachana na injini, shida iko kwa tanki ama paipu.

Mjukuu wa Utingo: Mkenya kashusha nondo bila kulamba chochote.

KopaWasha: Nyongeza. Injini ikihamishwa, mdomo wa fidi pampu haukai palipokuwa pa zamani, kwa hiyo paipu haifiki na mafundi huunga. Angalia wameunga na nini. Pili, bolti ya ritani pale kwenye pampu kubwa, ile uliyopimisha, siyo bolti ya kawaida, ndani ina valvu na springi, kazi yake kubana presha kidogo pampu ishibe. Ikipotea wanachomeka yoyote yenye tundu, gari inawaka vizuri tu lakini mlimani haina nguvu. Tatu, mtu akanyage pedeli mpaka chini huku wewe unaangalia wenzo wa pampu kama unafika mwisho, kebo ya injini ya zamani mara nyingi haivuti yote. Na kifuniko cha tanki, ikizima tu kifungue, ukisikia fyuuu ujue tanki halipumui.

Mwenye uzi: Nimeinua kebini sasa hivi. Wakuu. Kuna kipande cha mpira wa KIJANI. Ule wa kumwagilia bustani! Umefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Nikiuminya unatoa mapovu. Nani kapandisha hii injini? Yeye! Nani kaunga? Yeye! Halafu anageuka, analamba, anatema KWENYE KIATU CHANGU anasema imekataa mwili!!!

binti_wa_Makambako: Basi si umepata tatizo, kanunue mpira wa dizeli na klipu mbili uende zako Iringa.

Mwenye uzi: Tatizo siyo mpira dada. Tatizo ni lile neno. Mbele ya mama ntilie.

Dizeli Kavu: Mnamwonea fundi, adui ni vituo vya mafuta. Tangu EWURA, wale wasimamizi wa mafuta, waanze kuweka vinasaba, alama ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010 tuliambiwa uchakachuaji basi, mimi kuna kituo kimoja barabara ya Dodoma, sikitaji, nilijaza tanki, filta ikatoa maji ya kutosha kuoshea vyombo.

KopaWasha: Maji siyo uchakachuaji mkuu, unajaza kidogokidogo tanki linalala nusu, unyevu wa hewa unageuka maji usiku. Usiwe unalaza gari tupu.

Dizeli Kavu: Hela ya kujaza full unanipa wewe?

Mama Kitenge: Nyie mnalia na mafundi magari. Mimi nina fundi nguo. Nimempa vitenge vya sare ya harusi ya mdogo wangu, watu kumi na wawili, Ijumaa nakwenda kuchukua, suruali ya bwana harusi ina mguu mmoja mfupi. Namuuliza, ananiambia "dada, atakapokuwa anatembea haitaonekana".

Salgaa Survivor: 😂😂😂 na akisimama?

Mama Kitenge: Nilimuuliza hivyohivyo. Kasema "kwani harusini kwenu mnasimama?"

Mjukuu wa Utingo: Nahamia huku.

KopaWasha: Fundi nguo ni mwingine kabisa. Wangu suti yangu niliikuta kaivaa yeye, msibani, tena msiba wa kwetu.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye Canter. Nimrudie nikamdai hela ya nozo au niende kwanza serikali za mitaa?

binti_wa_Makambako: Kopa, uliivua palepale au ulisubiri wazike?

KopaWasha: Alikuwa amebeba jeneza, dada. Ningeanzia wapi.

Mwenye uzi: Wakuu???

Dizeli Kavu: Mama Kitenge weka picha ya hiyo suruali.