Bendera ya mgawanyiko: yashushwa na nani, na kwa sheria gani?

Kutoka Kibokoni, Mombasa

Assalaam alaikum jamaa. Vijana wetu wanaelekea South Carolina, Marekani, kusoma na wazazi huku wauliza: ile bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa si ilishaondolewa? Mbona picha zaionyesha ingalipo? Na mtu akiiona, aende kulalamika wapi?

Kutoka Columbia

Waalaikum salaam, maalim. Kwanza waangalie mlingoti ni wa nani. Inayopepea uani kwa jirani, hata iwe pana kama tanga la jahazi, ni kauli yake na katiba inamlinda. Polisi hawatamfanya lolote. Iliyo kwenye jengo la umma ni kauli ya serikali, na hiyo mlipa kodi ana haki ya kuipinga.

Ile ya hapa Columbia, mji mkuu wa jimbo, ilipandishwa juu ya kuba la bunge la jimbo mwanzoni mwa miaka ya 1960, Weusi walipokuwa wakidai haki zao. Vita vyenyewe, vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilikwisha 1865, kwa hivyo anayeniambia ni kumbukumbu tu ya mababu, simkubalii. Mwaka 2000 wakaishusha kubani, wakaisimika uwanjani kando ya mnara wa askari wa majimbo hayo, na sheria ikasema hiyo na kumbukumbu za vita za umma zisiguswe bila kura za theluthi mbili za kila baraza la bunge la jimbo.

Sharti hilo lilileta aibu. Juni 17, 2015 watu 9 waliuawa kanisani Charleston. Bendera za kubani zikashushwa nusu mlingoti, hii ikabaki kileleni. Haikuwa na kapi la kuiteremshia, ilikuwa imefungwa papo hapo mlingotini, na gavana hakuwa na idhini ya kuigusa. Baraza la wawakilishi lilipiga kura 94 kwa 20, ndipo ikatolewa Julai 10.

Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ilifuta sharti la theluthi mbili, ila mji bado hauwezi kung'oa kumbukumbu ya vita bila bunge. Kwa hivyo kumwandikia meya peke yake ni kazi bure. Waandikiwe mwakilishi na seneta wa eneo katika bunge la jimbo, kila mmoja barua yake, na kitu kitajwe kwa jina na mahali kilipo. Wasome pia sheria hiyo ya 2000 neno kwa neno. Charleston iliiondoa sanamu ya Calhoun, mwanasiasa aliyetetea utumwa, Juni 2020 kwa hoja kwamba sheria ile haiihusu. Calhoun alikufa 1850, kabla ya vita.

Kutoka Kibokoni

Ahsante sana. Nasi huku bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea Fort Jesus hadi 1963, maana mwambao ulikuwa wake kwa mkataba wa 1895. Wengine waliiona heshima, wengine minyororo. Ilishuka kwa makubaliano. Lakini sanamu ya Mackinnon, mwenye kampuni iliyotawala hapa kabla ya serikali ya Uingereza, iliondolewa Treasury Square ikapelekwa Scotland, na hilo sikubaliani nalo. Ingewekwa makumbusho, na maandishi ya Kiswahili chini yake yaeleze alitufanyia nini.

Kutoka Columbia

Hapo twakubaliana, maalim. Bendera ya hapa ilikunjwa na kukabidhiwa makumbusho ya jimbo siku ile ile. Vijana wakifika waende wakaulizie huko.