Kundi la ukoo: Zawadi na chakula cha mimea

*Zawadi:* Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Baba mdogo kanipigia ananiuliza eti nasikia umeacha nyama, unaumwa? Siumwi jamani, niseme hapa wote msikie. Tangu Kwaresma iishe sijarudi kwenye nyama, na mayai na maziwa nayo nimeyaweka pembeni, nataka nione mwili unasemaje

*Baba Mdogo:* Marahaba mwanangu. Sasa nguvu unatoa wapi na hiyo kazi ya kusimama dukani kutwa

*Zawadi:* Hapo ndo pamenishangaza baba mdogo. Zamani nikishakula ugali wa sembe na nyama, saa nane ikifika nasinzia kaunta, sa hivi nakula dona kiasi na choroko za nazi na matembele mengi, mchana wote niko macho kabisa. Alafu choo kila asubuhi bila kuhangaika, samahani wakubwa ila ndo mambo ya mwili

*Elia:* na gesi je? mi nilijaribu maharage kila siku tumbo likawa linajaa usiku silali nikaacha

*Zawadi:* Hata mi mwanzoni liliunguruma sana kaka. Sa hivi naloweka tangu usiku, asubuhi maji yote namwaga, nabandika kwa maji mapya na lile povu linalopanda mwanzo naliengua na kijiko. Na nilianza na choroko na dengu, maharage yakafuata taratibu, naona limetulia

*Shangazi Nesi:* Uko sahihi Zawadi. Kwenye maharage kuna aina ya sukari ambayo tumbo letu haliwezi kuisaga, inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wa kule ndo wanaila na kutoa gesi. Sehemu yake inatoka na yale maji ya kulowekea. Alafu nyuzinyuzi ziongezwe pole pole na maji ya kunywa yawe mengi, ukizivamia kwa siku moja lazima tumbo liseme. Elia jaribu tena hivyo usikate tamaa

*Neema:* (naandika mimi bibi anasema) Mwambieni Zawadi asidhani kaanza yeye. Huku Same sie tumekua na makande, nyama ni siku ya sikukuu, na milima tulipanda na mizigo kichwani. Na Wasabato wako hapa Upare tangu 1903 pale Giti, wapo wengi tu nyama hawagusi na wana afya zao

*Shangazi Nesi:* Shikamoo mama. Na makande yana sababu, mahindi yamepungukiwa lisini, yaani kimojawapo cha vijenzi vya protini, maharage yanayo kwa wingi, kile ambacho maharage yamepungukiwa mahindi yanacho, kwa hiyo protini inakamilika bila nyama. Ila mama nyie maziwa mlikuwa mnakunywa. Zawadi kaacha mpaka maziwa na mayai na hapo ndo mi nina wasiwasi. Zawadi nijibu kweli, kizunguzungu huna?

*Zawadi:* Shangazi kipo kidogo nikiinuka ghafla. Nilidhani ni joto

*Shangazi Nesi:* Usidhani, pima wingi wa damu. Chai ya rangi unakunywa saa ngapi?

*Zawadi:* Na chakula hapo hapo, nzito

*Shangazi Nesi:* Basi ihamishe, kunywa saa moja au zaidi baada ya kula. Chai inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage kuingia mwilini. Mboga zako kamulia limau au kula chungwa, hiyo vitamini C inayasaidia yaingie. Na vitamini B12 mwanangu haimo kwenye mchicha wala kwenye maharage. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku lakini lazima aipate. Ini linaweka akiba ya miaka kwa hiyo unaweza kujisikia mzima kabisa huku akiba inaisha, alafu siku moja miguu inaanza ganzi. Tumbo linakupa jibu wiki hiyo hiyo, hili la B12 mwili unakaa nalo kimya. Tafuta vidonge, la sivyo rudisha mayai na maziwa

*Baba Mdogo:* Mi mwenyewe gauti inanitesa kidole gumba cha mguu, nikiacha nyama si itapona? Nianze kesho

*Shangazi Nesi:* Kaka kupunguza nyama nyekundu na maini kutakusaidia, na bia pia. Lakini wewe unameza dawa za sukari, ukibadili chakula ghafla na dozi ikabaki ile ile sukari inaweza kushuka ukaanguka. Kliniki kwanza, ukishaongea na daktari ndo uanze. Nakuomba sana

*Baba Mdogo:* Sawa dada nimekuelewa, kliniki yangu ni Alhamisi

*Elia:* nimeshaloweka choroko

*Zawadi:* Asante shangazi. Kesho napita maabara kabla sijafungua duka, niende na njaa?

*Shangazi Nesi:* Wingi wa damu hata ukiwa umekula sawa. Waulize na B12 kama wanapima hapo. Majibu nitumie picha